Jibu: Milima ya Atlas na mama mwenye goti bovu

Dada, nimekuelewa: mama ana miaka 63, goti linamsumbua, nanyi mnataka kutembea vijiji vya Waberberi (wenyeji wa asili) kwenye Milima ya Atlas kule Moroko bila kulala kwenye hema. Inawezekana. Mimi nilikwenda na shangazi.

Anzieni kijiji cha Imlil, kilomita 60 na ushee kutoka mji wa Marrakech. Pako juu, mita 1,740 hivi, kwa hiyo laleni siku mbili bila haraka. Kilele cha Toubkal, chenye mita 4,167, waachieni vijana. Njia ya kupita kati ya milima iitwayo Tizi n'Tamatert, yenye kimo cha karibu mita 2,280, inawatosha kabisa. Kupanda si kazi sana. Goti hulia wakati wa kushuka, kwenye vikokoto vinavyoteleza. Shangazi alishuka na fimbo mbili, ubavuubavu kama kaa, wala hakuona haya.

Mizigo hubebwa na nyumbu (mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti). Ombeni mmoja wa ziada, mama akichoka apande. Na msiende bila kiongozi wa njia mwenye kibali.

Kabla ya kulipia nyumba ya kulala wageni uliza: chumba kina joto usiku? Choo kiko ndani? Nyumba ilikarabatiwa vipi baada ya tetemeko la Septemba 2023?

Kama mama ana kisukari, mwambieni kiongozi mapema, maana chai ya mnanaa huja imeshatiwa sukari, tena nyingi.

Nendeni Aprili, Mei au Oktoba. Ila goti likivimba kwa ngazi za nyumbani tu, muone daktari wa mifupa kabla hamjakata tiketi.