Usimpe bakteria kazi hujamwona akiifanya

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa wadudu waharibifu hapa Unguja, wengi wenu mtaanzia kwa nzi wa matunda. Msimu wa embe ukifika unapasua boribo nzuri ya nje, ndani funza tele. Ukitoa utumbo wa funza mmoja na kuupaka kwenye sahani ya aga, ule ute mgumu wa kuoteshea vijidudu, kesho yake bakteria wameota. Furaha ya asubuhi ile naijua, na ndiyo iliyonipoteza.

Nilikuwa nawaosha mabuu kwa spiriti peke yake. Miezi miwili nikahesabu bakteria wa ngozi ya funza nikidhani ni wa utumboni. Siku niliyoyapanda maji ya mwisho ya kusuuzia kwenye sahani yake, nayo ikaota vile vile, na kazi ikaanza upya. Sasa naosha kwa spiriti ya asilimia 70, halafu klorini iliyozimuliwa, halafu nasuuza mara tatu kwa maji yasiyo na vijidudu. Maji ya tatu lazima yapandwe. Yakiota, matokeo ya siku hiyo siyatumii.

Hilo la mikono utalizoea. La fikra ni gumu zaidi. Funza anaishi ndani ya embe linalooza, kwa hiyo kilichomo embeni utakikuta tumboni mwake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: je, huyu bakteria ameshika jembe, au anapita tu? Kwa viwavi wengi, ambao utumbo wao una alkali kali, sehemu kubwa ya bakteria huingia na majani na kutoka na kinyesi. Nzi wa mizeituni ni kinyume kabisa. Bila bakteria aitwaye Erwinia dacicola, mabuu yake hayakui ndani ya zeituni bichi.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Japani. Mdudu mfyonzaji wa soya, Riptortus pedestris, huokota bakteria wake udongoni kila kizazi. Mwaka 2012 watafiti walionesha kwamba akiokota wale wanaovunja dawa ya kuua wadudu iitwayo fenitrothioni, na yeye anaistahimili dawa hiyo. Na bakteria hao huongezeka kwenye udongo unaopigwa dawa ile mara kwa mara! Mkulima anaweza kuulea usugu shambani mwake bila mdudu kubadilika hata kidogo.

Ukitaka kujua kazi ya bakteria, mwondoe kwa antibiotiki, pima uzito wa mabuu na siku za kufikia kuwa buu bwete (pupa), kisha mrudishe upime tena. Msiruke hatua ya kumrudisha. Antibiotiki yenyewe inaweza kumdhoofisha mdudu, ukamlilia bakteria asiyehusika.

Andikeni pia aina ya embe, shamba na siku lilipochumwa. Na msiokote ya chini pekee kwa sababu ni rahisi kuyapata. Yamekwisha kugusa udongo. Mwombeni mwenye shamba mpande mtini.