Rangi Ina Kwao

Mwanangu,

Wa aleikum salaam. Barua yako imefika pamoja na shairi. Sisi hatujambo, mguu wa shangazi yako unaendelea vizuri.

Waniuliza kama Waswahili wa kale walikuwa na buluu. Wasema umesoma huko chuoni kwamba Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, aliiita bahari ya rangi ya divai, na kwamba mwaka 1858 Gladstone, kabla hajawa Waziri Mkuu wa Uingereza, alizipekua tenzi za Homer, akaona buluu haimo, akadhani macho ya watu wa zama zile yalikuwa hayajakomaa kwa rangi. Hilo la macho silikubali. Macho yalikuwa mazima.

Rangi ina kwao, mwanangu. Katika lugha yetu ni tatu tu zinazofuata ngeli: ukuta mweupe, kisu cheusi, maua mekundu. Nyingine nyingi hutaja zilikotoka. Kijani ni jani, kahawia ni kahawa, manjano ni kile kiungo cha mchuzini, samawati ni mbingu za Waarabu. Na nili ni nili ya bibi yako. Kila Alhamisi usiku aliifunga kitambaani, akaizungusha kwenye beseni ili kanzu za babu yako zing'are Ijumaa. Pembeni maji yalikuwa mepesi, katikati mazito mpaka huoni chini.

Nikiwa darasa la sita tulipewa insha ya bahari. Nikaandika: "Nyuma ya mwamba maji ni nili." Mwalimu akaipiga mstari mwekundu, juu yake akaandika "buluu", kisha akawasomea wenzangu. Akauliza, kwani bahari inafua nguo? Walicheka hadi kengele ikalia. Leo nina miaka 61 na kicheko kile nakisikia.

Babu yako, ambaye hakujua kusoma, alitaka nimsomee ile sentensi mara tatu. Hakusema kitu. Jumamosi akanipakia kwenye ngalawa, tukaipita rasi ya Raskazone, tukauvuka mwamba. Huko akachota maji kwa kata, akanipa. "Rangi i wapi?" Maji yalikuwa safi, hayana rangi yoyote. Akanielekeza nitazame chini ya ngalawa, na pale palikuwa nili tupu, ile ile ya katikati ya beseni. Akasema, "Haimo majini. Imo kwenye kina. Kamwambie mwalimu wako." Sikumwambia.

Lakini nisimdhulumu mwalimu. Buluu imetoka kwa Waingereza, kweli, ila imeshakaa; hata mvuvi wa Machui akitaka kupaka mashua yake hutaja buluu dukani, hataji nili. Neno likishapata wasemaji limepata kwao. Na mimi je, niliyefundisha Kiswahili miaka 30? Kuna mtoto aliniandikia "bahari ya majivu". Nikaikata, nikaandika buluu, mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Ilikuwa masika. Baada ya kipindi nikatazama dirishani: majivu matupu, kutoka bandarini hadi upeo wa macho. Daftari nilikuwa nimekwisha kulirudisha. Yule mtoto hakunionyesha insha nyingine kwa hiari yake.

Ndiyo maana nasema rangi ina kwao, na mshairi asiianzie kwenye kamusi. Aianzie alikoiona.

Sasa ubeti wako wa tatu: "Bahari yetu buluu." Kalamu nimeishika mara mbili, nimeiweka mara mbili. Sikukatii. Najua mizani inakubana, na buluu inakutimizia silabi nane. Ila "Bahari yetu ya nili" nayo ni nane, nimehesabu kwa vidole. "Bahari ya samawati" vilevile. Basi, nimenyamaza, shairi ni lako.

Ukija Idi, mwambie mjombako akupeleke nyuma ya mwamba asubuhi, kabla ya upepo. Kata utaikuta ndani ya ngalawa.

Mama yako,
Tanga