4,294,967,297: Programu Yasema Tasa, Kikokotoo Chakataa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeandika programu ndogo ya kutambua namba tasa. Ukiipa namba N, inatafuta 2 kwa kipeo cha N − 1, kisha inagawanya kwa N. Baki likiwa 1, inasema N ni tasa. Nilipoipa 4,294,967,297 ikajibu "tasa". Mwenzangu akagawanya kwa 641 kwenye kikokotoo cha simu, hakikubaki kitu. Nani kakosea?

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi: 641 × 6,700,417 = 4,294,967,297, na vigawo hivyo viwili vyote ni tasa. Lakini programu yako nayo haikukosea hesabu, maana baki ni 1 kweli. Tatizo ni ulivyolisoma hilo baki. Kanuni ya Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, inasema kila namba tasa, isipokuwa 2 yenyewe, itatoa baki 1. Haijasema kwamba kila inayotoa baki 1 ni tasa.

Tena umeangukia namba ngumu kweli. Hiyo ni 2³² + 1. Kwa hiyo ukigawanya kwa N, 2³² ni sawa na −1 (imepungukiwa 1 tu ifike N), na 2⁶⁴, yaani −1 × −1, ni sawa na 1. Sasa tazama kipeo chako: N − 1 ni 2³², ambayo ni kigawe cha 64. Jibu lisingeweza kuwa kitu kingine ila 1, N iwe tasa au isiwe. Kwa namba za umbo hili, kupima kwa 2 si kupima.

Fermat mwenyewe aliteleza hapohapo. Aliona 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2¹ + 1, 2² + 1, 2⁴ + 1, 2⁸ + 1 na 2¹⁶ + 1) ni tasa, akaamini zinazofuata katika mfuatano huo nazo ni tasa. Inayofuata ni hii yako. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati Mswisi, akaonyesha inagawanyika kwa 641. Euler ndiye pia aliyethibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, hubakiza 1. Basi huna haja ya kujaribu 3, 7, 11 na kuendelea: unajaribu 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641.

Uthibitisho kwamba 641 inaigawanya unatosha nyuma ya bahasha, na mimi sijauchoka mpaka leo. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, hivyo kwa mabaki ya 641, 5 × 2⁷ ni −1. Pandisha kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni 1. Lakini 641 ni pia 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴, hivyo 5⁴ ni −2⁴. Ibadilishe: −2³² ni 1. Basi 2³² + 1 haibakizi kitu.

Kwenye programu yako, weka 3 mahali pa 2, baki litakuwa 3,029,026,160 na namba itaumbuka. Bora zaidi, tumia kipimo cha Miller–Rabin, ambacho ni toleo kali zaidi la kipimo hikihiki, ila usikiendeshe kwa 2 peke yake, kwani nacho namba hii inakipita. Kipime kwa 2, 7 na 61 kwa pamoja: kwa namba zote zilizo chini ya 4,759,123,141 jibu ni la uhakika. Na angalia kuzidisha: 2³² × 2³² ni 2⁶⁴, haienei katika biti 64.