Mwarobaini na malaria: jina la mti siyo dawa

Mkuu, umeuliza kama mwarobaini unatibu malaria na uchemshe majani mangapi. Nimelelewa na bibi aliyekuwa akitibu watu kwa miti shamba, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kabla ya kuchuma chochote, bibi alikuwa anahoji. Una mimba? Unanyonyesha? Umeshakunywa dawa gani? Mwenye mimba hapewi shubiri ya kunywa, hata alie. Nilidhani ni roho mbaya tu.

Shubiri yenyewe alikuwa akilikata jani, analisimamisha kwenye bakuli mpaka utomvu wa njano uchuruzike wote, ndipo analimenya na kupaka ule ute mweupe palipoungua. Siku moja nikajifanya mganga: nikakamua vyote kwenye glasi, nikanywa. Usiku kucha mimi na choo, choo na mimi. Utomvu ule wa njano ndio unaoharisha. Bibi alicheka weee, kisha akanikorogea maji ya sukari na chumvi.

Magome alibandua upande mmoja tu wa shina, kipande chembamba. Ukilizungushia shina kisu, chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini, na mti unakufa umesimama. Siku hizi nakuta miti imechunwa kama mbuzi. Inaniuma.

Sasa malaria. Ni kweli dawa zake zimetoka kwenye mimea: kwinini ilitenganishwa na magome ya mti wa sinkona mwaka 1820, na artemisinini ilipatikana China mwaka 1972. Lakini hiyo ya pili, mwanasayansi wa China Tu Youyou na wenzake walifanikiwa walipoacha kutumia moto mkali, maana joto lilikuwa linaiharibu dawa. Na wewe unataka kuchemsha! Majani ya mti mmoja hayalingani nguvu na ya mwingine, hivyo hata ukihesabu, hujui umekunywa kiasi gani. Uchungu nao siyo kipimo. Jina la mwarobaini, eti magonjwa arobaini, limewaponza wengi.

Bibi yangu, pamoja na ujuzi wake wote, mtoto akishikwa na degedege hakugusa jani. Alimfunga mgongoni akaondoka naye kwenda hospitali, wakati mwingine usiku.

Kwa hiyo kapime leo. Ikionekana, meza dozi mpaka iishe. Huo mwarobaini ogea upele.