Kupiga picha za nyota ukiwa kambini: tatizo si kamera yako

Mkuu, umesema una kamera ya kawaida na lenzi yake ya 18-55, picha zako za kwanza zimetoka nyeusi na nyota zimekuwa kama punje za uji, na mwezi wa saba mnatoka Arusha kwenda kupiga kambi. Umeuliza ununue lenzi gani. Usinunue kitu kwanza.

Anza na tarehe. Safari yangu ya kwanza nilikwenda Ziwa Natron, na mwezi ulikuwa mpevu. Tulikuwa tunaonana sura bila tochi, ila nyota zilihesabika. Nilirudi na picha za mlima tu. Siku hizi naangalia kalenda ya Waislamu: zile siku watu wanakaribia kusubiri mwezi uandame, ndizo zangu.

Halafu mahali. Julai, Arusha na Moshi zote zinafunikwa na mawingu, wewe mwenyewe unajua baridi ya huo mwezi. Ukivuka nyuma ya Mlima Meru kuelekea Longido, au ukishuka Engaruka hadi Natron, kunakuwa kukavu na anga linafunguka. Mimi napenda kijiji cha Engare Sero, hapo Natron, kwa sababu moja: mlima Ol Doinyo Lengai unakaa kusini ya kijiji, na ule mkanda mweupe wa nyota, sehemu yake nene kabisa, mwezi huo unapanda kusini kati ya saa tatu na saa tano usiku. Mlima chini, mkanda juu. Upepo wa kule usiuchezee lakini, ning'iniza begi la mawe kwenye tripodi.

Sasa fokasi, yaani kuifanya nyota itoke kali bila ukungu, hapa ndipo wengi tunapofia. Gizani kamera haioni cha kushika, inabaki inazungusha lenzi tu. Zima otomatiki. Weka lenzi kwenye 18, pale inapoona upana zaidi, tazama kwa kioo cha nyuma, tafuta nyota inayong'aa au ile taa nyekundu ya mnara wa simu kule mbali, ikuze mpaka mwisho, kisha zungusha taratibu hadi iwe nukta ndogo kabisa. Ukishaipata bandika plasta kwenye lenzi isisogee. Na usiguse zumu tena! Ukiigusa, fokasi inahama, unaanza upya.

Mipangilio: lenzi ifunguke yote (tundu la mwanga f/3.5), ISO 3200 (hisia ya kamera kwa mwanga), na kamera iachwe wazi sekunde 15. Ukienda 25 dunia inazunguka na nyota zinakuwa vijistari, tena kwetu huku karibu na ikweta ndiyo zinakimbia zaidi zile za juu ya kichwa. Piga RAW (faili ghafi la kamera), na weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise. Video nyingi za Ulaya zitakwambia utafute Nyota ya Kaskazini. Wasamehe, kwetu iko chini ya upeo wa macho.

Kama mtabadilisha mawazo mkapanda Shira, kule Kilimanjaro, kuna adui mwingine. Kule ni kama mita 3,800, na ni kweli mawingu yanabaki chini yako, hata taa za mji yanazifunika. Nilifurahi, nikaiacha kamera ijipigie yenyewe nikaingia kunywa chai. Niliporudi kioo cha lenzi kilikuwa kimeganda barafu nyembamba, na picha zote baada ya zile ishirini za mwanzo ni ukungu. Mpishi wetu ndiye aliyeniokoa usiku uliofuata: chupa ndogo ya maji moto ndani ya soksi, imefungwa ubavuni mwa lenzi. Betri ya akiba nililala nayo, maana baridi inainyonya. Na usiiingize kamera hemani ikiwa wazi, pumzi za watu wanne zinailowesha palepale. Ifunge kwenye begi lake kwanza.

Ukitaka hema ling'ae pichani, washa tochi ya simu ndani, ifunike kwa fulana, sekunde mbili tu kisha zima. Wenzako waambie mapema, maana atakayetoka kukojoa na tochi ya kichwani anaharibu picha ya kila mtu.

Tarehe mliyopanga ni ipi? Itaje hapa kabla hamjalipia gari.