Kupaka kikosi cha Space Marine kwa stailo ya zamani: usiionee haya nyekundu

Wacha nianze na boksi lenyewe. Mjomba wangu alikuwa baharia, na safari moja, mie niko darasa la sita, akarudi kutoka Uingereza na boksi kubwa la Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani wenye visanamu unavyovipaka rangi mwenyewe, lile la toleo la pili lililotoka 1993, ndani mna Space Marine 20 (wale askari wa anga za juu), na maadui zao, Ork 20, majitu ya kijani, na Gretchin 40, vijitu vyao vidogo, wote plastiki, na Majengo nzima hapa Mombasa hakuna anayejua Space Marine ni mdudu gani, lakini ile picha ya juu ya boksi, askari wamevaa nyekundu inawaka kama leso mpya ya Biashara Street, hiyo haijanitoka mpaka leo. Rangi zake hatukuwa nazo. Nikapaka wawili kwa rangi ya kucha ya dadangu, nikachapwa, mambo yakaishia hapo.

Mwaka jana nikaamua: nipake kikosi kimoja, watu kumi, sajenti na mmoja wa makombora wakiwemo, wafanane na wale wa utotoni. Na ntawaambia ukweli, kosa langu halikuwa la mkono, lilikuwa la kichwa. Nishazoea video za siku hizi, kila askari ana matope mpaka magotini, silaha imechubuka, kutu kila mahali. Kwa hivo yule wa kwanza nikampaka nyekundu safi kabisa, halafu mkono ukaniwasha, nikammwagia kahawia nyepesi mwili mzima ati vivuli vitokee. Akatoka kama mtu aliyelala chini ya lori gereji. Kwa mtindo wa sasa ungesema mashallah, lakini sio yule wa kwenye boksi. Yule wa kwenye boksi ametoka dukani leo asubuhi. Rangi zake unazisoma ukiwa umesimama mbali na meza, bunduki wakati ule zilikuwa zapakwa nyekundu hata kama askari mwenyewe wa kijani, na hakuna aliyeona aibu. Kwa hivo kazi kubwa hapa ni kujizuia. Kivuli kinaingia kwenye mifereji tu, kwa ncha ya brashi, basi.

Praima, ile rangi ya kwanza ya kushikilia zingine, iwe nyeupe. Nyekundu juu ya nyeusi inakufa, utapaka mara tano na bado ina sura ya maharagwe, na njano ndo usiseme kabisa. Mie nilinunua sprei ya magari, na hapo kwanza ujaribu kwenye ile fremu ya plastiki uliyokatia vipande, manake kuna sprei zinayeyusha plastiki na hutajua mpaka uone sura ya sajenti imekuwa uji. Yangu haikuyeyusha, lakini nikapanda nayo juu ya slabu saa saba mchana, jua la kaskazi na upepo wake, rangi ikawa inakauka hewani kabla haijafika, nikapata askari kumi kama waliogaragazwa kwenye unga wa ngano. Na msimu wa mvua pia sio salama, ule unyevu wetu unaifanya sprei ipauke. Siku hizi napiga asubuhi mapema kivulini, siku kavu, kopo nalisogeza karibu, napiga kidogo kidogo.

Wale wa unga niliwaloweka kwenye Dettol bila maji usiku mmoja, nikasugua kwa mswaki mkuukuu, glavu mkononi. Rangi ilitoka karibu yote. Ila usiguse maji kabla hujamaliza kusugua, Dettol ikikutana na maji pale rangi inakuwa ulimbo, inaganda kila pahali. Nyumba ikanuka kama wodi siku mbili, mke wangu akaniuliza nimemfanyia nani operesheni.

Joto ndilo adui mwingine. Rangi za akriliki hapa zinakauka kwenye sahani kabla hujazamisha brashi mara ya tatu. Chukua kontena la plastiki lenye kifuniko, tandika tisyu zilizolowa, juu yake karatasi ya kuokea keki, rangi unaichanganyia hapo, inakaa mpaka kesho yake. Ukiiacha siku nyingi inavunda, mie hutupia kipande cha waya wa kopa chini ya tisyu na inasaidia. Feni naigeuza iangalie ukuta, nalia na jasho langu kimya kimya.

Ukija kwenye kung'arisha kingo za nyekundu, usichanganye na nyeupe, utapata waridi, na Space Marine wa waridi ni hadithi nyingine. Changanya na machungwa. Mstari mwembamba kwenye ukingo wa bega, wa goti, wa helmeti. Macho kijani kibichi, nukta moja ya nyeupe pembeni.

Sasa ile mistari ya njano na nyeusi ya hatari, hiyo ilinitesa wiki nzima. Nilikuwa naichora kwenye bunduki ya sajenti inakuwa kama meno ya papa. Mtaani kwetu kuna mzee anaandika mabango na migongo ya tuktuk, mkono wake hautetemeki mpaka leo. Nikaenda na askari wangu kwenye kizibo cha soda, nimemgundisha hapo ili nisimshike, nikamwamkia, nikamwonyesha. Akavaa miwani, akamgeuza geuza.

"Huyu ni nani, babangu?"

"Ni mwanajeshi wa kwenye mchezo, mzee."

"Na mbona wausukuma mstari? Uvute. Uje kwako. Na usianze pembeni, anza katikati, halafu gawa nusu, halafu nusu ya nusu, hivo itakaa sawa yenyewe."

Akachukua brashi yangu, akavuta mmoja. Mmoja tu. Nikaona haya kwa wiki yangu yote iliyopotea. Kwa hivo: njano kwanza mpaka ijae, nyeusi iliyolainishwa kwa maji kidogo, anza kati, vuta kuja kwako, na ukikosea rekebisha kwa njano, sio kwa kuongeza nyeusi.

Kitako, kile kiduara anachosimamia askari, ndicho kinachomaliza mambo. Zamani vilikuwa vya milimita 25, sa hii askari hawa wanakuja na vya 32, na lazima kiwe kijani, ukingo mpaka juu, kijani cha uwanja wa mpira. Ile rangi ya zamani, Goblin Green ya kampuni ya Citadel, iliondolewa sokoni 2012, iliyo karibu nayo ni Warboss Green yao, au changanya kijani na njano ya stationery upate. Mchanga nilitoa Bamburi, bure, nikaugundisha kwa gundi ya mbao bila kuusafisha, na baada ya wiki tatu chumvi ikapanda juu ya rangi kama ukoga mweupe. Nikabandua vitako vinne. Sasa mchanga nausuuza maji ya bomba mara tatu, nauanika kwenye sinia, nauchuja kwa chujio la chai kuukuu (nilinunua langu, la jikoni sigusi tena).

Tisa wamekamilika, wamepangwa juu ya televisheni. Yule wa makombora bado, mwanangu mdogo amepoteza mkono wake wa kulia, tumefagia chini ya makochi yote na tumepata sumuni mbili na pete ya mamake.