Usijenge tasnifu juu ya "Japani inafuata tu Marekani"

Mkuu, simamisha hilo pendekezo la utafiti kabla halijafika idarani. Umeandika kwamba tasnifu yako ya uzamili itaonyesha kuwa sera ya Japani kwa China inaandikwa Washington, kisha ukauliza utumie nadharia gani, vyanzo utapata wapi bila kujua Kijapani, na kama kuna ufadhili wa kwenda kusoma Tokyo. Nadharia na ufadhili weka pembeni kwanza. Sentensi hiyo nami niliiandika, na iliniangushia kazi nzima.

Niliipata kwa msimamizi wangu. Alisema Japani ni mkia wa Marekani, kichwa kikigeuka nao unageuka, na kazi yangu ni kukusanya mifano tu. Nikakusanya: mkataba wa usalama wa Japani na Marekani wa 1960, kambi za jeshi la Marekani kisiwani Okinawa, hotuba za mawaziri wakuu. Akapitisha sura baada ya sura. Siku ya utetezi mtahini wa nje akauliza swali moja tu: kama Tokyo husubiri Washington, ilifikaje Beijing 1972 wakati Marekani yenyewe ilifungua uhusiano kamili na China 1979? Nikamgeukia msimamizi. Alikuwa anaangalia simu yake. Niliambiwa niandike karibu yote upya, nikalipa ada tena, na kazi niliyokuwa naisubiri kwa cheti hicho ikachukuliwa na mwingine. Mtu aliyenielekeza huko hakuwahi kusema hata pole. Ndiyo maana nikiona wachangiaji hapo juu wanakupigia makofi napata hasira.

Sasa tazama ilivyokuwa. Julai 1971 Rais Nixon wa Marekani alitangaza kwamba angekwenda China. Waziri Mkuu wa Japani Sato Eisaku, aliyekuwa ameitetea Taiwan (kisiwa ambacho serikali yake ya Taipei ilidai kuwa ndiyo serikali halali ya China) kwa kuiamini Marekani, alijulishwa muda mfupi tu kabla ya tangazo. Ilikuwa fedheha kubwa Tokyo. Julai 1972 Tanaka Kakuei akachukua nafasi yake, na mwezi huohuo kiongozi wa chama cha upinzani cha Komeito, Takeiri Yoshikatsu, akaenda Beijing, akarudi mwanzoni mwa Agosti na masharti ya Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, mkononi. Tanaka alionana na Nixon Hawaii, ndiyo, lakini alikwenda kumweleza, si kuomba ruhusa. Kisha Tanaka akaenda Beijing, na tarehe 29 Septemba 1972 tamko la pamoja likatiwa saini huko. Japani ikaitambua serikali ya Beijing kuwa ndiyo pekee halali ya China, ikavunja uhusiano wa kibalozi na Taipei, na China ikaachilia madai ya fidia ya vita. Biashara na Taiwan iliendelea kupitia ofisi zisizo za kiserikali. Marekani ilipofika hapo 1979, ilitumia njia hiyohiyo. Nani alimfuata nani?

Na hiyo safari ya Tanaka haikuota usiku mmoja. Tangu 1962 Takasaki Tatsunosuke wa Japani na Liao Chengzhi wa China walikuwa wamewekeana saini ya biashara kati ya nchi mbili zisizo na mabalozi. Wafanyabiashara wa Japani walitaka soko la China miaka kumi kabla ya Nixon kupanda ndege.

Nikutendee haki: wazo lako lina mwanzo wa kweli. Desemba 1951, chini ya shinikizo la mjumbe wa Marekani John Foster Dulles, Waziri Mkuu Yoshida wa Japani aliandika barua ya kuahidi kwamba Japani ingefanya amani na Taipei, si Beijing, na mkataba huo ukatiwa saini Aprili 1952. Hapo Washington kweli iliamua. Kosa la msimamizi wangu lilikuwa kuchukua mwaka mmoja na kuuvisha miaka sabini.

Endelea mbele uone. Baada ya mauaji ya waandamanaji uwanjani Tiananmen, Beijing, 1989, nchi tajiri ziliibana China. Mwaka uliofuata Japani ikatangaza kurejesha mikopo yake ya yeni kwa China. Agosti 1991 Waziri Mkuu Kaifu Toshiki akatua Beijing, wa kwanza kati ya viongozi wa G7, kundi la nchi saba tajiri, tangu mauaji hayo, na Oktoba 1992 Mfalme Akihito wa Japani naye akaenda. Desemba 2013 Waziri Mkuu Abe alikwenda hekalu la Yasukuni, linaloenzi wafu wa vita wa Japani wakiwemo wahalifu wa vita, na Marekani ikatoa tamko hadharani kwamba imesikitishwa. Trump alipoitoa Marekani kwenye mkataba wa biashara wa Pasifiki 2017, Japani iliubeba hadi ukakamilika. Mkataba mwingine wa biashara wa Asia na Pasifiki, RCEP, ulioanza kazi Januari 2022 una China na Japani ndani, Marekani iko nje. Hata kauli ya Waziri Mkuu Takaichi Sanae bungeni Novemba 2025 kuhusu Taiwan, iliyofanya Beijing iwaonye raia wake wasisafiri Japani, ilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Wale wa "kila kitu ni Marekani" najua mnakuja na mawe. Rusheni, nimejificha nyuma ya tarehe, na tarehe hazipasuki.

Kwa hiyo shika hili hata ukiacha mengine yote: tarehe kwanza, nadharia baadaye. Chora jedwali la safu tatu, Washington, Tokyo, Beijing. Jaza kilichotokea kila upande kwa siku na mwezi. Palipo na Tokyo iliyotangulia au kwenda kivyake, weka alama nyekundu. Hizo alama ndizo tasnifu yako. Kwenye ulinzi utakuta Tokyo imeegemea Marekani sana, hasa kuhusu visiwa vya Senkaku, ambavyo Japani inavishikilia na China inavidai, na hilo uandike bila woga. Kwenye mikopo, biashara na historia ya vita utakuta mambo mengine kabisa.

Kijapani si kizuizi cha kuanzia. Tamko la 1972, mkataba wa amani na urafiki wa 1978, tamko la 1998 na lile la 2008, vyote vya Japani na China, viko kwa Kiingereza kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani, pamoja na taarifa yake ya kila mwaka. Visome vyenyewe kabla hujagusa mchambuzi yeyote wa YouTube. Na ukitaka sura iliyo karibu nasi, anza na Nairobi, Agosti 2016, mahali Abe alipotangaza sera ya Indo-Pasifiki huru na wazi. Ukiwa Dar, pita Tazara: kituo cha reli waliyojenga Wachina, na pembeni daraja la juu la Mfugale lililojengwa kwa msaada wa Japani. Jiulize Japani inatafuta nini hapo, na kama jibu linaanzia Washington.

Badilisha kichwa cha utafiti, kiweke hapa kesho, nitakisoma mstari kwa mstari. Msimamizi akikataa, muombe akujibu swali la 1972 kwa maandishi.